Nyuki Walipotoweka kwenye Spika

Sisi mafundi wa sauti tunauita nyuki ule mvumo unaotoka kwenye spika hata pasipo mtu kuzungumza. Mteja akiusikia hukasirika, nami simlaumu. Nyuki wakiwa wadogo mimi huwaacha. Kinachonitisha ni nyuki wanaotoweka bila mimi kugusa kitu.

Hofu hii niliipata mtaani Shauri Moyo, katika karakana ya redio nilikojifunzia kazi kwa kutazama na kwa kusoma vitabu vilivyokwisha majalada. Fundi mmoja pale, mtu wa mizaha, alishika amplifaya iliyokatwa waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano unaopeleka chini umeme unaovuja. Akaanza kutetemeka na kukunja uso. Tulicheka. Tulidhani ni mzaha wake wa kawaida. Kumbe mkono ulikuwa umejifumba na haukuweza kufumbuka. Mwenzetu mmoja aliupiga kwa kiti cha mbao mpaka ukaachia. Fundi alipona, lakini vidole viwili havikunyooka tena. Mimi hukumbuka vile vidole, na hukumbuka zaidi kwamba nilicheka.

Mwaka juzi nilitoka kwangu Njiru asubuhi kwenda kufanya sauti katika ukumbi wa Kaloleni, ambao kanisa moja lilikuwa limeukodi kwa ibada ya shukrani. Aliyetaka niitwe ni kiongozi wa kwaya, mama wa rika langu anayeimba huku akipiga gitaa mwenyewe. Aliyenipokea ni mzee wa vyombo, mstaafu wa reli, mtu mpole aliyetunza spika na magitaa ya kanisa kama mali yake.

“Karibu, mama. Na fundi yuko nyuma anakuja?”

“Fundi ni mimi, mzee.”

“Aa!” Akanitazama mikono. “Basi Mungu ni mwema. Nilidhani umeleta chakula.”

Tulicheka wote wawili. Nikapima soketi za ukumbi, moja baada ya nyingine. Amplifaya ya gitaa ilikuwa kuukuu na ilivuja umeme, lakini waya wake wa ardhi ulikuwa mzima. Nikamweleza mzee kwamba mvumo wake, ambao hupitia waya huo huo wa ardhi, tutauvumilia, na asiguse plagi. Meza yangu niliiweka nyuma ya ukumbi, karibu na swichi kuu, kama kawaida yangu.

Jambo moja sikulipenda. Katika kanisa lile hakuna anayepanda madhabahuni na viatu. Kina mama walikuwa wamepiga deki, na saruji pale mbele ilikuwa bado na maji.

Ibada ilianza vizuri, ila watu walisikia nyuki. Mama mmoja wa safu ya mbele aligeuka mara kadhaa kunitazama. Vijana nyuma yangu wakaanza.

“Madhe, hiyo kitu yako inanguruma.”

“Iko na njaa. Mpee chapo.”

Mchungaji akaita maombi, tukainama wote. Tulipoinuka nyuki hawakuwepo. Ukumbi ulikuwa kimya, kimya safi ambacho kila fundi hukiota. Yule mama wa mbele akageuka tena, safari hii akanionyesha dole gumba.

Nilitazama vidole vyangu juu ya mikisa, mashine yangu ya kuchanganyia sauti, na nikajua sikuwa nimegusa chochote. Kule mbele mzee wa vyombo alikuwa anainuka kutoka nyuma ya amplifaya, anafuta kisu kwenye suruali na kutabasamu. Kiongozi wa kwaya alikuwa tayari ameacha viatu vyake kwenye ngazi. Gitaa lilikuwa begani, waya wake umelala sakafuni tayari kuchomekwa. Akauchomeka. Maikrofoni ilikuwa hatua chache mbele yake, na mama huyu huimba midomo ikigusa chuma. Umeme uliokosa waya wa ardhi ungepita kwenye nyuzi, mwilini mwake, hadi kwenye chuma hicho.

Ningepiga kelele, lakini kwaya ilikuwa imeanza kupiga makofi. Niliwaza pia, na sioni haya kusema hivyo, kwamba nikikosea, sitaitwa tena mimi wala mwanamke mwingine yeyote katika ukumbi ule. Wakati nawaza hayo mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye swichi kuu. Nikaizima.

Feni zikapunguza mwendo. Kisha ukumbi mzima ukaguna.

“Ndio maana nilisema waite jamaa!”

“Rudisha stima, madam!”

Nilipita katikati yao. Nilipofika mbele nilimwambia kiongozi wa kwaya, “Dadangu, vua gitaa uliweke chini. Usisogee karibu na maiki.” Akatii.

Nikamwomba mzee plagi. Waya wa ardhi ulikuwa umekatwa sawasawa, kazi safi ya mtu makini.

“Nilikusaidia, mama,” alisema kwa upole. “Walikuwa wanakusema. Na ule mvumo si umeisha?”

Niliichomeka plagi tena, nikaomba swichi irudishwe kwa muda, kila mtu akae mbali. Nikagusa nyuzi za gitaa kwa bisibisi ya testa. Taa ndogo ndani ya mpini ikawaka. Mzee alisogeza uso, akaitazama, akarudi nyuma. Testa haisemi umeme ni kiasi gani, na mpaka leo sijui ungemfanya nini yule mama. Sikutaka kujua.

Amplifaya ikatolewa nje. Gitaa nikaliunganisha moja kwa moja na mikisa, ili nyuzi na maikrofoni vipite njia moja ya ardhi. Nikapima kwa mita, nikapima tena. Sifuri.

“Sasa ni salama,” nikamwambia.

Hakusogea. Alikuwa amekunja mikono kifuani. “Nimekuamini ndiyo nikakuita,” alisema polepole. “Lakini shika wewe kwanza. Vile mimi nitashika.”

Mita ilikuwa imesema sifuri, nami nimeiamini mita kwa miaka mingi. Hata hivyo nilipovua viatu na kukanyaga saruji ile yenye maji, niliviona vidole vya yule fundi wa Shauri Moyo. Nikavaa gitaa. Nikafumba kiganja juu ya nyuzi zote, nikapeleka midomo kwenye chuma.

Kilikuwa baridi tu. Nilitaka kusema “haleluya,” ikatoka pumzi peke yake, na ukumbi mzima ukaisikia.

“Haya, nipe,” akasema kiongozi wa kwaya. Akanivua ule mkanda begani, akauvaa, akapeleka midomo pale ilipokuwa yangu.