Siku Tisini Si Miezi Mitatu

Alhamisi, tarehe tisa Aprili. Mvua imenyesha tangu alfajiri, mtaa wetu wa Mbotela wote ni tope.

Mimi niliishia darasa la nane, kwa hivyo huenda nikakosea mahali. Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya kuuza nyumba kule Donholm, Meneja alinipa mkataba akasema, "Kazi yako ni kuwasomea wateja kwa Kiswahili. Anza na arubuni. Hapo ndipo wanapolia."

Arubuni ni ile asilimia kumi ya bei anayotanguliza mnunuzi. Asipomaliza kulipa kwa wakati, muuzaji hubaki nayo. Ni fidia iliyokubaliwa mapema ili watu wasibishane baadaye. Hubishana vilevile. Nimelieleza hilo miaka ishirini mpaka nikachoka na sauti yangu.

Halafu akaja Mama Zuhura, muuza leso wa Majengo, kununua nyumba ya vyumba viwili. Mkataba ulisema siku tisini, bila nyongeza. Nikamwambia, "Miezi mitatu, mama." Ndivyo tulivyosema sote ofisini. Mitaa hii huhesabu kodi kwa mwezi, nani huhesabu siku? Alitia sahihi Julai mosi. Julai na Agosti zote zina siku thelathini na moja. Chama chao cha akiba kilipomkopesha, alileta salio tarehe thelathini Septemba. Siku tisini zilikuwa zimeisha jana yake.

"Si uliniambia miezi mitatu?"

"Nilikwambia, mama."

Meneja akadakia, "Mkataba husomwa, mzee. Hausimuliwi."

Muuzaji hakuwa mwizi, lazima niseme. Alikuwa amemkataa mnunuzi mwingine kwa ajili ya mama huyu. Nilimwendea nikamweleza kwamba kosa ni langu.

"Basi mlipe wewe," akasema.

Nikaaga nikaondoka. Mwishowe muuzaji alirudisha nusu ya arubuni, nyumba akamuuzia yule mwingine.

Mama Zuhura aliniambia, "Wewe si mbaya, baba. Ni mvivu wa kuhesabu tu." Afadhali angenitukana.

Nilistaafu mwaka uliofuata. Siku hizi vijana huniletea mikataba kwenye simu. "Guka, niaje, tunasaini wapi?" huuliza, kana kwamba mimi ni babu yao. Hawaulizi muda unaisha lini. Nikisema walete kalenda, wanacheka. Nakasirika, kisha najiuliza nina haki gani ya kumfundisha mtu.

Mke wangu amechungulia begani kwangu akasoma haya. "Na ile nusu nyingine," ameuliza, "mbona hukumlipa?"

Nimemwomba apakue chakula. Tumekula githeri ya jana.