Uzio wa Mbono

Nilipooa nilikuwa sijawahi kulala chumba kimoja misimu miwili ya mvua mfululizo. Shule niliiacha darasa la tano nikaenda kuona reli ya Korogwe inaishia wapi, na tangu siku hiyo kila nilipofika nilitaka kujua ng'ambo yake kuna nini. Nimekata mkonge, nimechunga ng'ombe wa watu, nimechekecha udongo machimboni. Enzi za ruksa, mitumba ilipoanza kumwagwa chini sokoni, nikawa muuza mashati. Nikapata chumba Chanika, mji mdogo kusini ya Korogwe, na mke kutoka Magoma.

Chumba kilikuwa na ua, lakini ua wa jina tu. Njia ya kwenda gulioni ilipita hatua nne kutoka kwenye mafiga yetu. Mke wangu akianika nguo, wapita njia wanajua tuna shuka ngapi. Akiwa anaoga nyuma ya magunia mawili yaliyoshonwa pamoja, mzee akipita inabidi atoe shikamoo na povu usoni. Kilichomshinda kabisa ni chakula. Kwetu mtu akikukuta unakula, unamkaribisha. Na siku ya gulio, watu walikuwa hawakatai.

"Karibu, shemeji."

"Ahsante. Niletee maji ya kunawa."

Siku moja walipita sita. Wa mwisho alipoondoka akijipangusa midomo, mke wangu alichungulia sufuria, kisha akanitazama.

"Mimi umenioa au umenifungulia hoteli?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nakwenda kwa mama. Ukipata uzio njoo unichukue. Usipopata, nitumie vyombo vyangu."

Akaondoka na kinu kichwani. Mwanamke anayekwenda kusalimia tu habebi kinu.

Nikaanza kutafuta miti, na nakiri nilisahau kuwa na huzuni, maana hakuna kitu ninachokipenda kama kuuliza watu wanachokijua. Fundi mmoja wa Korogwe alinisifia mjohoro. Nikaenda kuutazama: kivuli kizuri, lakini chini ni shina tupu. Ungemficha mke wangu kichwa tu. Mlonge unakua haraka, ila majirani wangeuchuma wote mboga, tukarudi palepale. Nilifika hadi Misima kwa mfugaji mmoja niliyewahi kumchungia, nikamuuliza kuhusu miiba.

"Sisi tunazungushia miiba ng'ombe wasitoke," akasema. "Wako katoka tayari. Sasa unamzungushia nani?"

Alicheka mpaka akaegemea fimbo.

Ndipo nilipokumbuka mbono. Kaskazini nako niliwahi kuchunga, na huko mashamba yamezungushiwa mbono mtupu. Unakata kijiti, unachomeka, kinachipua. Mbuzi hawaugusi. Nilijua vizuri kwamba kwetu mbono hupandwa makaburini, lakini nilikuwa nimezunguka sana, nikasahau kwamba wenzangu hawakuzunguka pamoja nami.

Nikachomeka vijiti kando ya njia, urefu wote wa ua. Ardhi ile ina mawe, kwa hiyo sikuweza kuchimba mfereji mmoja. Nilitengeneza vituta vifupi pale udongo ulipokubali, kila kituta na vijiti kichwani na miguuni. Nilipomaliza nilikaa kizingitini nikijisifu.

Kesho yake asubuhi jirani yangu, mama mtu mzima, alikuja na kanga kichwani, sauti ya chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Poleni sana." Akahesabu vituta kwa macho. "Jamani! Wote hawa siku moja?"

Kabla sijamaliza kumweleza, wengine wawili walikuwa wameshaingia, mmoja na kuni, mwingine na unga wa msiba. Niliapa kwamba hakuna aliyekufa. Wakaitikia kwa upole, kama unavyomwitikia mtu aliyechanganyikiwa kwa majonzi.

Siku ya tatu gari la mizigo likasimama njiani. Niliisikia sauti kabla sijamwona mtu: mama mkwe wangu analia kwa nguvu zote, na nyuma yake mke wangu, analia pia, kinu kichwani. Habari zilikuwa zimefika Magoma kwamba nimezikwa.

Mimi nilikuwa nimeinama namwagilia. Nikainuka na kopo mkononi.

"Shikamoo mama."

Mama mkwe alinyamaza katikati ya kilio. Alinitazama, akatazama vituta, akaketi juu ya kimojawapo.

"Mkwe," akasema, "sasa hapa kalala nani?"

"Hakuna mtu, mama. Ni uzio."

Mke wangu alitua kinu. Alianza kucheka akiwa bado na machozi, akashindwa kuacha, akashika ubavu. Mama yake alitaka vijiti ving'olewe palepale, mkosi huo. Nikashika cha kwanza.

"Acha," mke wangu akasema.

Alikuwa anatazama njia. Ilikuwa siku ya gulio. Watu wawili walikuwa wanakuja wakiongea, na walipofika penye vituta wakashusha sauti, wakavua kofia, wakapita upande wa pili bila kugeuza shingo.

"Acha hivyohivyo," akarudia. "Mama, ingia ndani unywe chai. Mimi nimerudi."

Mvua zile nilizipitishia Chanika, na zilizofuata pia, nikimwagilia kila jua lilipozidi. Mbono ukakutana majani, ukapita urefu wa mtu. Kila mtu mjini alishajua hakuna kaburi, lakini mwendo wa kuharakisha pale ulishazoeleka.

Mke wangu alioga mchana kweupe, akiimba. Na tulipokula, akisikia nyayo upande wa pili, alimeza tonge kwanza, kisha akaita kwa sauti tamu kabisa:

"Karibuni jamani, tunakula!"

Nyayo zikaongeza mwendo. Akanisogezea mboga.