Suruali Yangu na Nyani wa Korongoni

Jamani, hili nalisimulia nikiwa nimekunja uso, na mwenye kucheka acheke haraka amalize, maana mimi hasira hazijaisha. Nina hasira na nyani, nina hasira na Msengi, nina hasira na karanga za kukaanga, na zaidi ya wote nina hasira na mimi mwenyewe, mtu mzima, msomi, mume wa mtu, niliyekutwa na mama mkwe wangu nikiwa shimoni na chupi.

Kazi yangu ni maji na wanyama. Nilimaliza shahada ya uzamivu, nikapata nafasi ya kuendelea na utafiti kwenye mito ya mchanga, hii mito yetu ya Mkalama ambayo masika inabeba miti mizima na kiangazi unaivuka na ndala bila kulowa. (Kijijini wananiita Daktari, na haipiti wiki bila mtu kuniletea mtoto mwenye kikohozi.) Kiangazi watu huku Kinyangiri wanachimba visima mchangani, nyani nao wanakuja kunywa humo humo, wanachafua maji, wanapindua ndoo, kila siku ugomvi. Mimi nikasema, hebu tuwachimbie nyani kisima chao, mbali kidogo, kwenye kona ya korongo, tuone kama watawaachia watu visima vyao. Nikachimba, nikaweka humo kifaa cha kupima kina cha maji, na niwaambie ukweli, ilikuwa inafanya kazi! Nyani walihamia kwangu, akina mama wakaanza kuchota kwa amani.

Kasoro Msengi. Msengi ni mfugaji, ana mbuzi wengi na maneno mengi kuliko mbuzi, na alitaka kisima changu kizibwe kwa miiba, eti nalea wezi wa mahindi. Ikaamuliwa kamati ya maji ije ikione asubuhi, halafu jioni mkutano wa kijiji upige kura kwa kunyoosha mikono. Kikizibwa, utafiti wangu umekufa na nyani wanarudi kwa watu. Na kwenye kamati hiyo alikuwemo mama mkwe wangu (mimi ni Mnyaturu wa Ikungi, nimeoa hapa Kinyangiri), kwa hiyo mke wangu alinipigia pasi suruali ya kijivu mpaka ikataka kusimama yenyewe.

Nikawahi kufika ili mambo yawe sawa. Nikakuta kifaa kimefukiwa na mchanga, chini kabisa, ndani ya maji. Mtu mwenye akili angekiacha. Mimi nikaona haitachukua muda, nikavua suruali nisiiloweshe, nikavua na shati, nikakunja vyote vizuri juu ya jiwe, nikashuka. Mfukoni kulikuwa na karanga.

Kuinua kichwa, naliona dume la nyani linaondoka na nguo zangu begani, wala halina haraka, kama mzee anayetoka mnadani. Nilipiga ukelele ambao nadhani mpaka Nduguti mjini waliusikia. Lenyewe likapanda juu ya mti wa mgunga, likatulia, likaanza kukung'uta mifuko na kula karanga moja moja huku linanitazama. Na ukelele wangu huo ndio ulioita kamati nzima, ikaja mbio ikidhani nimeumwa na nyoka.

Nikachuchumaa, maji yakanifika kifuani.

"Daktari, kuna nini?" akauliza mwenyekiti.

"Hakuna kitu, mwenyekiti. Napima."

Mama mkwe naye akasogea hadi ukingoni, na mimi (mnajua huku kwetu mambo ya kuamkia hayana mchezo) nikasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Lakini leo unaniamkia umechuchumaa? Simama basi tusalimiane."

"Mama, naomba unisamehe, siwezi kusimama."

"Umevunjika?"

"Hapana, mama."

Bado natafuta uongo, Msengi akainua macho mtini, akaona mguu mmoja wa suruali unaning'inia, akaniangalia mimi, akaangalia mtini tena, na alivyocheka yule mtu sitamsamehe mpaka nazikwa. "Daktari," anasema, "ulitufundisha tugawane na wanyama, kumbe hata suruali!" Kamati yote ikaangua kicheko, mwenyekiti akashika magoti, na lile dume juu kule likanitemea ganda.

Hapo ndipo nilipoharibu. Hasira zilinipanda nikasahau kazi, nikasahau mkutano, nikapayuka kutoka shimoni: "Kizibeni! Kizibeni hiki kisima leo leo, hawa nyani wafe na kiu wote!"

Kicheko kikakatika. Msengi akasema taratibu, "Mwenyekiti, umemsikia mtaalamu."

Mama mkwe alifungua kitenge chake cha juu, akawaamuru wanaume wote wageuke, naye akageuka, akakirusha nyuma yake bila kuangalia. Nikatoka shimoni nimejifunga kitenge cha mama mkwe, nikapita katikati ya kijiji nacho.

Jioni nilisimama mkutanoni na suruali ya kuazima iliyoishia kwenye ugoko, nikaeleza kila kitu, maji, nyani, ndoo za akina mama, nikaeleza mpaka jasho likanitoka. Msengi akauliza swali moja tu: "Daktari, tukuamini wewe wa sasa hivi, au yule wa shimoni?" Watu wakacheka, mikono ikanyooshwa, kisima kikazibwa kwa miiba.

Juzi nilikwenda kuchukua kifaa changu. Suruali ya kijivu imenasa kwenye ile miiba, imechanika, na nyani wamekaa upande wa pili, kimya, na jike mmoja mwenye mtoto kifuani alikuwa anafukua mchanga mkavu, ananusa vidole, anafukua tena. Niliwaombea kiu, wameipata. Na visima vya watu sasa vinachafuliwa kila asubuhi, ndoo zinapinduliwa, na wanakuja kuniuliza mimi wafanyeje.

Nilipomrudishia mama mkwe kitenge chake, nimekifua na kukinyoosha, nilimwomba anisemee kwenye mkutano ujao. Akakipokea kwa mikono miwili.

"Mkono wangu ulikuwa wako tangu mwanzo, baba," akasema. "Na uchi wako sikuuona. Nilikusikia tu."

Heri angeuona huo uchi kuliko kunisikia. Kwa hiyo naapa mbele yenu: nguo nyani wachukue, hata chupi wachukue, lakini siku nyingine nikiwa na hasira nitazamisha kichwa majini mpaka zishuke.