Salamu iliyonipoteza Lisbon

Jamaa zangu wa Bagamoyo, leo nusura nibaki Ulaya moja kwa moja.

Mimi na mpwa wangu Zuhura, mabegi mgongoni, tumo kwenye kundi la watalii, tunatembezwa mji kwa miguu. Mwongozaji anatuonyesha magofu. Nikamwambia kwetu Kaole yapo makubwa zaidi. Akatuharakisha mbele.

Mara nikaona bibi kizee amekaa mlangoni kwake. Sasa mimi nimpite mzee kama nampita mbuzi?

Nikasimama. Shikamoo, habari za nyumbani, wajukuu hawajambo? Yeye Kireno, mimi Kiswahili, tunaelewana kabisa.

Kugeuka, kundi halipo. Simu imezima. Basi letu linaondoka jioni na tiketi anazo Zuhura.

Jasho likanitoka na baridi ile.

Bibi akaniangalia, akachukua mkongojo, akanishika mkono. Watalii hupita kwake kila siku, anajua wanakoishia. Tukapanda vilima virefu kuliko mnazi. Aliyehema ni mimi.

Tulipowakuta, Zuhura akauliza, "Mjomba, huyu umemtoa wapi?"

"Nimemwamkia tu."

Bibi akanipapasa shavu, akarudi zake. Mungu ampe umri mrefu.

Nyie mnaopita watu kimyakimya, niambieni, mkipotea nani atawashika mkono?