Dumu Jeusi la Baba

Kiangazi cha kijijini kwetu Daa hakina huruma. Mchana jua linachoma, lakini upepo wa milimani unafanya maji ya kuoga kuwa ya baridi kama ya barafu. Baba alilimaliza tatizo hilo kwa dumu la lita ishirini alilolipaka rangi nyeusi iliyobaki baada ya kupaka geti. Asubuhi alilijaza na kuliegemeza ukutani, upande wa mashariki. Saa sita aliligeuza, saa tisa akalihamishia upande jua linakozamia. Ikifika saa kumi maji yalikuwa ya moto, na hakuna ukuni hata mmoja uliochomwa. Naamini aliligeuza dumu lile kwa uangalifu zaidi kuliko alivyonigeuza mimi nilipokuwa mchanga.

Alioga akiwa amesimama ndani ya beseni kubwa ili maji yasipotee. Maji hayo yalikwenda kwenye mparachichi alioupanda mama mwaka wake wa mwisho. Hayakumwagwa. Mti ulinyweshwa kikombe kwa kikombe, kuzunguka shina, upande wa juu wa mteremko na wa chini.

"Taratibu," alikuwa akimwambia yeyote aliyeshika kikombe. "Huo si mtaro."

Miguu yake ilipomkataa, nilirudi nyumbani kumtunza. Nilikuwa nafua mashuka kwenye loji moja ya Karatu mjini, mahali ambapo mgeni akilala siku moja tu shuka linafuliwa, na bomba halifungwi mpaka mtu akumbuke. Nilirudi na mazoea hayo. Sasa mimi ndiye niliyeligeuza dumu, niliyemwogesha, niliyeunywesha mti, na yeye aliketi kwenye kiti chake mlangoni akinisimamia. Nikiruka kikombe, alijua.

Mimi si mtu mvumilivu, na silisemi hili kwa kujisifu.

Siku hiyo bomba la kijiji lilikuwa halijatoa maji wiki nzima. Nilikuwa nimetoka kuchota mbali na mgongo uliniuma. Nilimwogesha, nikamvika, nikamketisha mlangoni, nikaanza vikombe.

"Umeruka upande wa juu," akasema.

Niliinua beseni zima nikamwaga maji yote uani, mbele ya miguu yake. Kuku wakatawanyika. Vumbi likayanywa mara moja.

"Haya," nikasema. "Simamia na hayo."

Laiti angenigombeza. Alilitazama lile doa mpaka likakauka, kisha akasema, "Nirudishe ndani, mwanangu. Nasikia baridi." Jua lilikuwa bado kali.

Asubuhi yake nililijaza dumu kabla hajaniambia. Nilikuwa nimeshapanga. Saa kumi nitamwogesha, nitamketisha pale mlangoni, halafu nitaunywesha mti mbele ya macho yake, nikianza na upande wa juu. Kuomba radhi kwa mdomo hatukukuzoea nyumbani kwetu, lakini yeye angeelewa. Saa sita niliingia na uji, naye akanywa vijiko viwili tu. Nikatoka kuligeuza dumu. Niliporudi saa nane alikuwa ameshakata roho.

Baba mdogo alikuja na wazee wawili wa kanisa. Aliniuliza kama kuna maji ya moto ya kumwoshea. Nilianza kutafuta kuni, nikiwa nimechanganyikiwa, mpaka nikalikumbuka dumu. Lilikuwa palepale nilipoliacha. Nikaweka kiganja juu yake, likaniunguza kidogo. Nililia hapo hapo, nimelikumbatia.

Tulimwosha kwa maji hayo, yakiwa na joto lilelile alilolipenda. Tulipomaliza, baba mdogo alinionyesha shimo lililochimbwa nyuma ya nyumba.

"Maji ya marehemu yanafukiwa," akasema. "Hayafanyiwi kazi nyingine."

"Haya hayafukiwi, baba mdogo."

"Unataka watu waseme nini?"

"Waseme wanachotaka. Haya yana mwenyewe."

Tulibishana kwa sauti ya chini, baba amelala kati yetu, mpaka baba mdogo akatikisa kichwa na kuniachia beseni.

Nilikwenda kwenye mparachichi wa mama. Nilianza na upande wa juu, kisha wa chini, taratibu, na sikuruka hata kikombe kimoja. Kiti chake kilikuwa bado mlangoni. Beseni lilipokauka nilikigeukia, nikasimama, nikasubiri kuambiwa nimekosea wapi.