Miguu ya Dada Yangu wa Kanyosha

Nimeishi katika miji mingi, na karibu yote niliiacha kwa sababu ya kiu ya njia tu. Safari hii nilikuwa na sababu. Mfanyabiashara mmoja aliyetoka Bujumbura alinikuta sokoni Kigoma akaniambia, "Dada yako Yustina anatembea." Nikamkatalia. Tangu siku ya mabomu, ukuta wa jiko ulipomwangukia, Yustina alikuwa akibebwa mgongoni na mumewe kama mtoto. Hospitalini walisema mifupa imeunga, lakini miguu haitamshika tena. Nikafunga mzigo, nikaenda kuona kwa macho yangu.

Kutoka Nyanza-Lac, upande wa Burundi, magari yalikwenda kwa msafara, askari mbele na nyuma, maana barabara ile ilikuwa na waviziaji. Kushoto ziwa lilikuwa limetulia, kulia michikichi ilipanda milimani. Rumonge tukasimamishwa kupekuliwa. Mama mmoja mwenye madumu ya mawese akamwambia askari, "We mwanangu, tafuta pole pole, mafuta haiko na bunduki." Askari akacheka, nasi tukapata pumzi.

Kanyosha, mtaa wao pale Bujumbura, nilifika mchana. Kabla sijabisha, lango likafunguka. Alikuwa Yustina, amesimama, anachechemea kidogo, anacheka.

"Kaka, funga mdomo, nzi zitaingia!"

Nilimshika mabega nikalia. Mumewe, Patrisi, akanipokea mzigo. "Muramu, ulifikiri tunadanganya?" Ndivyo wanavyomwita shemeji huko.

Jioni wakanisimulia. Jirani yao, mjane anayeuza mboga, alikuwa akija kila siku kabla ya saa ya kufunga milango, anapiga magoti kando ya kitanda, anaomba, anaondoka. Hakutaka hata chai. Siku moja, katikati ya maombi, Yustina alihisi moto nyayoni. Akashika ukuta, akasimama.

Furaha ile ndiyo iliyozaa tatizo. Patrisi, kwa kushukuru, alikwenda kufunga mbuzi langoni kwa mjane. Kwa Warundi, mnyama wa zawadi huunganisha nyumba mbili, na kumrudisha ni kutangaza uadui. Mbuzi yule akamtangaza: kuanzia hapo watu wakapanga mstari kwa mjane yule na wagonjwa wao, wakimwita dogoteri, yaani daktari. Sasa alikuwa amekwisha kukunja godoro lake. Alitaka kuondoka, aende kwa ndugu zake milimani, ambako vita ilikuwa kali zaidi.

Kesho yake tulikwenda kwake sote watatu. Tulimkuta anafunga masufuria kwa kamba.

"Mi niliomba tu," alisema. "Nikikula hii mbuzi, nimekula ya Mungu. Nikiirudisha, nimemuchukia Patrisi. Bora niende."

"Mama, huko watakuua!" Patrisi alisema. "Mi nilitaka kusema asante tu."

"We Patrisi, nyamaza," Yustina akamkata. "Ulifunga mbuzi bila kuniuliza mi mwenye miguu." Kisha akamgeukia mjane. "Mama, mbuzi ni yako. Apana kuirudisha kwetu, na apana kuikula. Nipe mi niipeleke kanisani, ikuwe ishimwe."

Ishimwe ni sadaka ya shukrani: aliyetendewa jema huipeleka mbele ya watu wote na kusema alichotendewa. Mjane akaiachia kamba ya masufuria. "Na utasema nini?" akauliza.

"Nitasema kweli."

Jumapili Yustina alishika kamba akapanda mwinuko kwa miguu yake, nami nyuma, nikiogopa kila alipojikwaa. Mbuzi alikuwa mkaidi. Watu wakatoka majumbani.

"Yustina, mbuzi inakuvuta ao we unaivuta?"

"Tunavutana! Zamani hata kuku ilinishinda!"

Kanisani alisimama mbele. Mjane alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, shuka yake amekwisha kujifunga kama mtu wa safari. Yustina akaanza kusimulia ukuta, hospitali, mgongo wa Patrisi. Alipofika kwenye maombi alifungua kinywa kutaja jina, akamwona mjane anainamisha kichwa. Akalimeza jina.

"Kuna mutu aliniombea," akasema. "Jina yake Mungu anaijua, inatosha. Miguu hii, ni Mungu aliisimamisha. Imana ishimwe!"

Ndiyo kusema, Mungu ashukuriwe. Kanisa zima likaitikia kwa vigelegele. Mbuzi akapewa familia zilizokimbia vita na kulala uani mwa kanisa.

Jumatatu asubuhi niliona godoro la mjane limeanikwa juani juu ya ua.

Kabla ya kurudi, nilitembea na Yustina hadi Rohero, katikati ya mji, kwenye duka nililouzia vitambaa nikiwa kijana. Milango ilikuwa imefungwa. Zamani ningehuzunika siku nzima. Siku ile nilisikiliza hatua zake kando yangu, zikanitosha.

Nilipofika Kigoma, jirani yangu mwenye mtoto mgonjwa alikuja mbio. "Nipe jina la mama yule, nimfuate hata kama kuna vita." Sikulitaja, kama ambavyo sikuliandika hapa. Nilimwambia aliyeponya hakai Bujumbura tu. Kisha, mimi nisiyejua kuomba vizuri, nikapiga magoti pamoja naye kando ya mtoto.