Aliyekalia Kiti Kabla Yangu

Nakumbuka asubuhi moja pale Entebbe, mwanangu, nikishuka ngazi za ndege na kofia kwapani, mwanajeshi mmoja akaniita "Kapteni." Sikuwa kapteni. Nilikuwa rubani msaidizi katika shirika la ndege la nchi zetu tatu, mistari miwili tu mabegani, na ili nifike minne ilinibidi nikae kiti cha kulia miaka mingine saba nikisema "ndiyo, bwana." Lakini aliyeniita alikuwa meja, na nchi ilikuwa mikononi mwa wenzake. Meja akikuita kapteni, humsahihishi.

"Kapteni Ssali," akasema, "mimi nimeuliza habari yako. Wewe iko kijana mzuri. Kwa nini unakaa nyuma ya watu?"

Akanionyesha kwa kidole hanga la mwisho kabisa la kuegeshea ndege, ambako kulikuwa na jeti ndogo nyeupe ya viti sita. Ilisemekana ni mali ya kampuni ya kahawa, ingawa hakuna aliyewahi kuona hata gunia moja likipakiwa. Meja alitaka rubani. Angenipeleka ng'ambo wiki sita kujifunza kuirusha, na nikirudi ningekaa kiti cha kushoto, kiti cha kapteni, siku hiyo hiyo. Ningepewa nyumba Kololo, mtaa wa wakubwa, na gari.

Wazee wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo niliijua tangu shule ya msingi, na niliwahi kuiandikia insha. Siku ile ilinipita sikioni kama jina la mtu nisiyemjua.

Wakati huo tuliishi katika magorofa ya Bugolobi, Kampala, mimi na mke wangu Namuli, aliyekuwa mwalimu huko Mengo, pamoja na binti yetu mchanga. Namuli alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza neno moja tu, akiniita bwana kwa Kiganda.

"Ssebo, rubani wa kwanza wa jeti hiyo yuko wapi?"

"Labda alirudi kwao."

"Kwao wapi?"

Sikujua, wala sikutaka kujua. Nilimwambia wanawake wana shaka hata na mvua. Mwanangu, mtu akikosa jibu hutafuta dharau.

Nikakubali kazi. Niliporudi kutoka mafunzoni tukaenda kuitazama nyumba ya Kololo. Ilikuwa ya Wahindi waliofukuzwa nchini. Chini ya kitanda kulikuwa na viatu vya mtoto, na kwenye mwimo wa mlango wa jikoni kulikuwa na alama za penseli, moja juu ya nyingine, za kupima watoto wanavyokua. Namuli alizitazama, akambeba binti yetu, akatoka hadi barabarani. "Nyumba hii haikuachwa," akasema, "ilinyang'anywa. Mimi silali humu." Akaenda kwa mama yake Mengo. Mimi nikalala humo peke yangu, rubani mkubwa, na alama za watoto wa watu mlangoni.

Fundi wa ile jeti aliitwa Mzee Ojok, mtu wa Gulu kaskazini, ambako utawala ule uliwawinda watu, aliyeanza kushika spana tangu enzi za Waingereza. Hakuwa msemaji. Wiki yangu ya kwanza aliniita chini ya bawa, akatazama huku na huku, akafungua kitabu cha safari za ndege.

"Mtoto yangu, soma namba ya kurasa."

Nikasoma. Baada ya ukurasa wa arobaini ulifuata wa hamsini na tisa. Katikati kulikuwa na vishina tu, vimekatwa kwa wembe.

"Hizo zilikuwa safari ya rubani wa kwanza," akasema. "Mimi nilimjua. Siku moja walimwambia andika Nairobi, na ndege ilienda pengine. Akakataa. Kesho yake hakuja." Akafunga kitabu. "Rudi kwa shirika yako. Kule ukikataa, kuna rubani mkuu, kuna sheria, kuna wenzako. Hapa nyuma yako iko ukuta."

Sasa sikiliza nilichofanya, maana hiki ndicho kisa chenyewe.

Siku hizo mtu aliyekufungulia moyo alikuwa ama mwendawazimu ama ametumwa. Majirani walishukiana, ndugu walishukiana, hata kanisani mtu alichagua benchi la kukaa. Nami nikajiuliza: huyu mzee hanijui, kwa nini aniambie neno linaloweza kumuua yeye mwenyewe? Nikajijibu kwamba ametumwa na Meja kunipima. Nikajiambia, kikulacho ki nguoni mwako. Methali, mwanangu, ni kama kisu: humkata yeyote unayemwelekezea, hata asiye na hatia. Siku tatu niliwaza hivyo. Niliona kwamba nikinyamaza, na kumbe ni mtego, nimekwisha.

Siku ya nne Meja alinichukua kwenye gari lake. Njiani akauliza, "Kazi iko namna gani? Iko shida?"

"Hakuna shida, afande," nikasema. "Ila yule fundi anazungumza mno."

"Fundi gani?"

"Mzee Ojok."

"Ojok," akarudia polepole. "Mtu ya Gulu?"

Halafu akaanza kuzungumzia mpira. Nami, nakwambia ukweli, nikahisi nimetua mzigo. Sikufikiri mzigo ule ulikuwa umetua juu ya nani.

Jumatatu Mzee Ojok hakuonekana kazini. Ovaroli yake ilibaki kwenye msumari, na mafundi wengine walipita mbele yake bila kuitazama. Hakuna aliyeuliza. Nikaruka. Kwenye kiti cha pembeni alikaa luteni ambaye alijua kuwasha redio na kunitazama mikono, basi. Niliambiwa niandike Nairobi, nikaandika Nairobi. Alasiri moja nilimbeba abiria aliyekaa katikati ya wanaume wawili, mikono yake imefunikwa kwa koti. Tulitua kwenye kiwanja cha majani mbali kaskazini, wakashuka wote watatu. Nilirudi na wawili. Nikaandika Nairobi. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, mwanangu. Hata sasa naona jinsi ile herufi ya kwanza ilivyosimama wima.

Sijawahi kujua jina la mtu yule.

Zilipita siku kumi na tisa, fundi mmoja akaninong'oneza kwamba Ojok amerudi, yuko kwake Nateete. Nilikwenda mchana, nikapita katikati ya soko, hadi chumba kimoja nyuma ya wauza mihogo. Mkewe alinipa kiti bila kunisalimu. Mzee alikuwa amekaa mkekani, mkono wa kulia umefungwa kitambaa. Vidole vitatu vilikuwa vimevunjwa na kuunga vibaya. Sikuweza kukaa kitini. Nilishuka chini, nikaanza kusema kwamba nimekuja kuungama.

"Nyamaza," akasema. "Walinitajia jina yako kabla ya kunigusa. Walitaka nijue."

Nikalia. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba tangu hapo.

"Sikuulizi kwa nini uliogopa. Sisi wote tunaogopa. Mimi nakuuliza hii: mtu alikupa nyumba ya mwingine, gari ya mwingine, kiti ya mwingine, hukumshuku. Mimi nilikupa neno tu, haina bei. Ndiyo mimi ulinishuku?"

 

Nilidhani atanifukuza. Badala yake akamwambia mkewe alete chai, akanikaribisha. Nikamwambia nimeamua: safari ijayo nitaipeleka ile jeti Nairobi kweli, nishuke, nisirudi. Akatikisa kichwa. "Usikimbie na ndege. Ukikimbia na ndege watachukua mke, watachukua mtoto, watanirudia mimi. Mtu anayekimbia anafuatwa. Lakini kitu iliyoharibika, nani anaifuata?" Akagusa sikio lake kwa mkono mzima. "Rubani bila sikio ni nini?"

Nilimweleza Namuli, naye alimjua daktari mmoja wa Mengo, mtu mzima aliyewatibu kwao tangu utoto wake. Hakuuliza mengi. Aliandika kwamba viwambo vya masikio yangu vimeharibiwa na shinikizo la hewa, na kwamba sifai kuruka tena. Alipomaliza aliiweka kalamu chini, akaniambia, "Unajua karatasi hii haifutiki?" Nikamwambia najua.

Meja aliisoma akiwa amesimama. Akanifanya nikae kuelekea dirishani, akaenda nyuma yangu. Kwanza alizungumza kwa sauti ndogo, akimtukana mama yangu. Nikatazama nje, ambako mtu alikuwa anafagia majani. Halafu nikasikia chuma cha bastola kikivutwa na kuachiliwa, tak, karibu kabisa na kisogo. Mwanangu, kila unywele wa mwili wangu ulisikia. Niliendelea kumtazama yule mfagiaji, nikihesabu mapigo ya ufagio wake. Nilifika kumi na nne.

"Rubani kiziwi," Meja akasema kwa kelele, akicheka. "Toka."

Nilitoka. Sikurudi Kololo hata kuchukua mashati. Nilitembea nikapanda basi hadi Mengo, Namuli akafungua mlango, hakusema "nilikwambia," na hiyo ndiyo sababu mojawapo iliyofanya nimheshimu mpaka alipofariki.

Ile karatasi iliniokoa, na ndiyo iliyonizika. Shirika langu la zamani halikuweza kumchukua rubani aliyeandikwa kiziwi, na saa nilizoruka kwenye jeti zilikuwa za uongo, hazikufaa popote. Kato, mwenzangu tuliyesoma naye urubani, alibaki kiti cha kulia akisema "ndiyo, bwana." Hata shirika lile lilipokuja kuvunjika, aliondoka na kitabu chake chenye safari za kweli, akapokelewa kwingine, akafika mistari minne. Mimi nilifundisha hesabu Mengo miaka ishirini na sita. Ndege ikipita juu, wanafunzi walitazama dirishani. Mimi nilitazama ubao. Mzee Ojok hakushika spana tena, lakini vijana walimwendea Nateete, akawafundisha kwa mdomo. Kila Pasaka nilimpelekea sukari, naye kila Pasaka aliipokea.

Sasa hizo barua zako mbili za kuitwa kazi ya urubani ulizonionyesha, moja ya shirika kubwa na nyingine ya tajiri mwenye jeti. Sikwambii jeti ya mtu binafsi ni dhambi, wala shirika kubwa si kanisa. Nako kuna wakubwa wabaya. Huenda tajiri wako ni mtu mwema kabisa. Lakini kabla hujatia sahihi, muulize aliyekikalia kiti hicho kabla yako yuko wapi, kisha umtafute mwenyewe, unywe naye chai. Uliza ni nani atakayesimama nawe siku utakaposema hali ya hewa ni mbaya, siruki. Kama jibu ni "bosi mwenyewe," basi fikiri mara mbili, maana bosi mwenyewe ndiye atakayekuwa na haraka. Usiandike kamwe mahali ambapo hukwenda. Na shaka, mwanangu, ni mbwa mzuri wa mlango, lakini mfundishe nani wa kumbwekea. Anayekupa vingi upesi, mbwekee. Anayekuonya bila faida yake, hata kama unamwogopa, hata kama hukumwamini, usimtaje kwa mtu. Nyamaza tu. Kunyamaza kwangu siku ile kungeokoa vidole vitatu.

Nenda ukaamue. Mungu akupe anga safi na ulimi wa kusema hapana. Abiria wako washuke kwa miguu yao wenyewe, na jina lako litajwe kwa wema katika nyumba za mafundi wanaokukazia skrubu. Amina.